Moshi Unaingia Kwenye Kimea: Niliyoongea Jumamosi Kuhusu Wiski za Islay

Habari za jioni jamani, karibuni sana. Mliokaa nyuma sogeeni huku mbele, viti vipo, maana kazi ya leo kubwa ni ya pua na harufu haifiki huko mlangoni. Kila mtu ana glasi tano mbele yake zimefunikwa na vikaratasi, naomba msifunue bado, najua mnatamani ila tukienda pamoja ndo mtaona kitu ninachotaka mkione. Kila glasi ina mililita 15 tu kwa hiyo zote tano hazizidi toti tatu za baa, na anayeendesha leo anuse tu, kunusa peke yake ni zaidi ya nusu ya shughuli.

Naanzia kwenye lugha yetu. Ukisema pombe ya moshi hapa Tanzania kila mtu anajua unaongelea gongo, hata polisi wakikamata watu taarifa inaandikwa hivohivo, wamekutwa na lita kadhaa za pombe ya moshi. Na jina limekaa sawa kabisa kwa sababu pipa likichemka kinachopanda kwenye mrija kwa macho ni kama moshi, kikipoa kinakuwa matone, na matone ndo pombe yenyewe. Kwa maana hiyo wiski zote duniani ni pombe ya moshi, na konyagi pia. Ila hizi za leo zina moshi wa pili, moshi wa moto halisi, na huo wa pili ndo uliotuleta hapa.

Sasa kuna kosa moja nakutana nalo kila mahali, hata kwa watu wanaouza wiski miaka mingi. Wanadhani moshi unaingia pale kwenye kuchemsha, yani mtambo unapikiwa kuni au mkaa ndo harufu inapenya. Hapana jamani. Mtambo ni shaba imefungwa, moto uko nje, hakuna cha kupenya. Wengine wanadhani ni pipa limechomwa ndani, na kweli mapipa ya mwaloni yanachomwa, ila hilo linatoa vanila na karameli na rangi, siyo ule moshi unaogonga pua. Moshi unaingia mapema sana, kabla pombe haijawa pombe. Unaingia kwenye kimea.

Na kimea hapa hamna mtu wa kufundishwa. Mwenye bibi aliyepika mbege au togwa anajua, unaloweka ulezi, unautandaza, unaufunika, unaota vijimizizi, afu unauanika juani. Kule Scotland ni shayiri badala ya ulezi, wanailoweka kama siku mbili, wanaitandaza sakafuni karibu wiki nzima huku wanaigeuza kwa koleo isijipike yenyewe kwa joto, na ikishaota inabidi ikaushwe haraka kabla mche haujala sukari yote. Sisi tuna jua. Wao hawana. Kwenye kisiwa cha Islay, wenyewe wanatamka Aila, mvua na upepo wa bahari ya Atlantiki ndo hali ya hewa ya kawaida, kwa hiyo lazima ukaushe kwa moto, na swali linakuja, moto wa nini? Miti kule ni michache, makaa ya mawe yalikuwa ya kuleta kwa meli na ni pesa. Walichokuwa nacho chini ya miguu yao ni piti.

Piti ni nini. Ni majani na vijimea laini vya kinamasi (moss kwa Kiingereza) na mizizi iliyokufa kwenye kinamasi, maji yamejaa kiasi kwamba hewa haifiki chini, basi vitu havioze vikaisha, vinalala tu tabaka juu ya tabaka vinakuwa kama udongo mweusi laini kama siagi. Unaukata kwa jembe maalum vipande kama matofali membamba, unavisimamisha upepo uvikaushe kwa wiki kadhaa, afu unachoma. Majirani zetu Rwanda wanaita nyiramugengeri na wanachomea umeme, Burundi wanaichimba miaka mingi, so siyo kitu cha kizungu kama wengi wanavofikiria. Ila tunapokunywa kumbukeni hili, piti inaongezeka kama milimita moja kwa mwaka. Mita moja ni miaka elfu. Watu wanasifia wiski ya miaka 16 nami naisifia, lakini moto uliokausha kimea chake ulikuwa unaandaliwa kabla ya Vasco da Gama hajapita pwani yetu.

Basi kimea kikiwa bado kibichi kinawekwa juu ya sakafu yenye matundu, chini kabisa piti inachomwa taratibu, siyo kwa mwali, inafukuta, wanataka moshi siyo joto, na ule unyevu wa ganda la shayiri ndo unaoshika moshi. Kikishakauka hakishiki tena. Kwa hiyo zile saa za mwanzo ndo zinaamua kila kitu. Mama yangu alikuwa anakausha migebuka kwa moshi kule Kigoma na alikuwa na maneno yaleyale, samaki akianza kukauka juu moshi hauingii tena, unapoteza kuni bure. Nilikuwa na miaka kama 9, kazi yangu kutia maji kidogo kwenye kuni ziache kuwaka zifuke. Miaka mingi baadae naingia kiwanda kimoja pale Islay, kusini mwa kisiwa, naonyeshwa tanuru la kimea na mzee anaeleza kwa nini hawataki mwali, aisee nilisimama kimya, nilikuwa Kigoma kabisa.

Kwenye moshi huo kuna familia ya kemikali zinaitwa fenoli. Kuna guayakoli, hiyo ndo moshi wa jikoni, ipo kwenye samaki wa moshi, ipo kwenye nyama choma. Kuna kresoli, hiyo ndo harufu ya dawa, lami, kamba za boti. Ukinusa kitu ukasema mbona Dettol, hujakosea hata kidogo, Dettol nayo dawa yake ni ndugu wa fenoli. Wanazipima kwa sehemu kwa milioni, ppm, na hapo ndo ugomvi wangu wa leo unapoanzia.

Maana siku hizi watu wananunua namba. Mtu anakuja anauliza hii ina ppm ngapi, ukimwambia 35 anaiacha anataka ya 55, mwingine anataka ya 100, imekuwa kama kushindana kula pilipili. Na namba yenyewe, sikilizeni vizuri, imepimwa kwenye kimea, haijapimwa kwenye chupa. Kati ya kimea na chupa kuna kusaga, kuna kuchachusha, kuna kuchemsha mara mbili, kuna miaka ndani ya pipa, na kila hatua fenoli zinapungua, kwa viwanda vingine nyingi kuliko vingine. Sasa ninachotaka mkione kwa pua zenu ni kwamba moshi ni kiungo, na mpishi ana maana kuliko kipimo cha kiungo.

Funueni glasi ya kwanza. Hii ni Bowmore ya miaka 12. Kiwanda cha tangu 1779, kiko katikati ya mji mdogo unaoitwa hivohivo Bowmore, na moja ya maghala yao iko chini ya usawa wa bahari, mawimbi yanapiga ukuta. Ghala lingine la zamani waliwapa wanakijiji likafanywa bwawa la kuogelea linalopashwa joto na joto linalobaki kiwandani, watoto wa pale wanajifunza kuogelea kwa moto wa wiski. Kimea chao ni kama 25 ppm. Nuseni, mnaona moshi uko nyuma, mbele kuna limao na asali kidogo, kama moto ulizimwa jana kwenye bustani. Nimeiweka kwanza ili pua izoee. Mtu ambaye hajawahi kunywa za moshi aanzie hapa au aanzie Talisker ya miaka 10 ya kisiwa cha Skye, ambayo ina moshi na pilipili manga na chumvi kwa mbali na imewekwa chupani kwa asilimia 45.8. Talisker ningeileta leo kama siyo kwamba nilitaka zote tano zitoke kisiwa kimoja.

Ya pili na ya tatu msinywe bado, funueni zote mbili. Hizi ndo moyo wa maongezi yangu. Ya pili ni Caol Ila miaka 12, tamka Kal-iila, ya tatu ni Lagavulin miaka 16. Zote zina asilimia 43, zote ni za kampuni moja, zote kimea chao kinatoka kwenye kiwanda kimoja cha kimea pale Port Ellen ambacho kimekuwepo tangu 1973, na zote ni karibu ppm ileile, 35 hivi. Kwa mnunuzi wa namba hizi ni wiski moja. Haya nuseni ya pili, afu ya tatu, afu rudini ya pili.

Mnaona? Caol Ila ni nyepesi, ina mafuta kidogo, moshi wake msafi kama wa makuti makavu, kuna limao na kama samaki wa kubanika ufukweni. Lagavulin imekaa kama mzee kwenye kiti, nzito, chai nyeusi iliyochemka sana, tende, ngozi, moshi unakaa mdomoni dakika nzima. Umri unachangia, miaka minne ya ziada pipani siyo kidogo, na mapipa pia. Lakini tofauti kubwa iko kwenye shaba. Mitambo ya Caol Ila ni mirefu na haijazwi sana, mvuke unapata nafasi ya kugusana na shaba na vile vizito vinaangukia chini vinarudi. Lagavulin mitambo ina umbo la peasi, wanaijaza karibu yote, mikono yake, yani mirija ya juu inayopeleka mvuke ukapoe, imeinama chini, na wanachemsha polepole sana, vizito vinapita. Afu kuna suala la wapi unakata. Mtambo ukianza kutoa, matone ya mwanzo hayanyweki, ya mwisho hayafai, unachukua ya katikati, na fenoli nzito zina tabia ya kuchelewa, zinakuja kuelekea mwisho, kwa hiyo mpikaji akikata mapema anakuacha na moshi mwepesi, akichelewa kukata unapata lami na dawa. Kimea kilekile! Hamna namba kwenye chupa inayokwambia hilo.

Na hii Caol Ila mmeshainywa wengi wenu bila kujua, ndo kiwanda kikubwa kuliko vyote pale kisiwani na sehemu kubwa ya kazi yake inaingia kwenye mchanganyiko kama Johnnie Walker. Ule moshi wa mbali unaousikia kwenye Black Label, na zaidi kwenye Double Black, sehemu yake inatoka huko. Kwa hiyo anayesema mi sipendi wiski za moshi lakini Black Label naipenda, naomba aje tuongee baadae.

Niwape kisa cha kweli, kisa hiki nikikisimulia huwa nasisimka. Kiwanda cha Lagavulin na cha Laphroaig ni majirani, unatoka kimoja kwa miguu unafika kingine hata jasho hujatoa. Mwanzoni mwa karne iliyopita mwenye Lagavulin alikuwa Peter Mackie, mtu mwenye nguvu na hasira, na ndiye aliyekuwa wakala wa kuuza Laphroaig. Mwaka 1907 wenye Laphroaig wakamnyang'anya uwakala. Akakasirika, akawazibia maji, wakaenda mahakamani mpaka maji yakarudishwa. Basi akasema kama hamnipi Laphroaig nitaitengeneza mwenyewe. 1908 akajenga kiwanda kidogo ndani ya uwanja wa Lagavulin kikaitwa Malt Mill, akaweka mitambo ya umbo lilelile la Laphroaig, akachukua watu waliokuwa wanafanya kazi Laphroaig, moto wa piti tupu. Kiwanda kiliendelea mpaka 1962. Na wiski yake, kwa masimulizi yote, haikuwahi kuwa Laphroaig. Ilikuwa wiski ya moshi nzuri tu, ila siyo ile. Mtambo uleule, watu walewale, kisiwa kilekile, jirani kabisa! Mi kisa hiki ndo kilinifanya niache kabisa kuangalia ppm.

Glasi ya nne. Ardbeg miaka 10, asilimia 46, haijachujwa kwa baridi kwa hiyo ukiweka maji inaweza kuwa na ukungu kidogo, msishtuke, ndo inavotakiwa. Hapa kimea ni 55 ppm, juu kuliko Lagavulin kwa mbali. Nuseni. Wengi mtasema moshi mwingi, kweli, masizi na kahawa na lami, lakini chini yake kuna utamu wa ajabu, limao, vanila, hata kama nanasi, na mdomoni inakuja nyepesi kuliko ulivojiandaa. Sababu kuna kifaa kidogo wamekifunga kwenye mkono wa mtambo wa pili, kinarudisha vile vizito vikachemke tena. Kwa hiyo moshi mwingi umevaa nguo nyepesi. Mi ndo naipenda kuliko zote tano, niwe mkweli, na naipenda zaidi kwa sababu ilikuwa ife.

Miaka ya mwanzo ya 80 wiski ilikuwa imetengenezwa nyingi kuliko wanywaji, na wa kwanza kukatwa walikuwa hawa wa moshi maana wachanganyaji wanahitaji moshi kidogo tu, kama chumvi kwenye mboga. Ardbeg ikafungwa 1981. Port Ellen ikafungwa 1983, na ikaja kufunguliwa tena 2024, hebu fikirieni, zaidi ya miaka 40. Ardbeg ilifunguliwa kidogo kidogo 1989, ikafungwa tena 1996, mpaka 1997 wakaja Glenmorangie, kampuni nyingine ya wiski, wakainunua wakaianzisha upya. Kisiwa kina watu kama elfu tatu tu, kiwanda kikifungwa siyo habari ya gazeti, ni mtoto wa jirani anapanda feri kwenda kutafuta kazi Glasgow na harudi. Nilifanya kazi jikoni Glasgow miaka sita na bosi wangu wa jikoni alikuwa mmoja wa hao, alihama akiwa kijana baada ya baba yake kukosa kazi. Yeye ndo alinipa moshi wangu wa kwanza. Nikaonja, nikamwambia hii imeharibika, inanuka hospitali. Hakunicheka, aliniambia kaa nayo, usiiweke soda, irudie baada ya nusu saa. Baada ya nusu saa nikasikia migebuka ya mama.

Kwa hiyo wanaoanza leo na wanasikia vibaya, hamjakosea, kaeni nayo. Wekeni maji kidogo, kijiko cha chai kinatosha, siyo barafu, barafu inafunga harufu yote. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu cha Linnaeus huko Sweden walipiga hesabu za jinsi ile guayakoli inavokaa kwenye glasi, wakaona kwamba pombe ikiwa kali sana guayakoli inazama ndani, ukipunguza ukali kwa maji inapanda juu ambapo pua ipo. Yani maji hayaui moshi, yanauleta. Na kwa hapa Dar kuna jambo la ziada, joto letu la nyuzi 30 linafanya pombe iruke haraka ikuchome pua kabla hujasikia chochote, so glasi usiishike kwa kiganja kizima, na chupa nyumbani iweke kabatini penye giza, kamwe siyo juu ya friji wala dirishani. Na ikishafunguka ikabaki robo, inyweni, hewa inakula moshi taratibu.

Za chakula, jaribuni pweza wa kuchoma na Caol Ila, halafu mnitafute. Chaza pia kama mnaweza kuwapata, matone mawili ya wiski juu ya chaza mbichi, ndo wanavokula kule. Korosho za Mtwara zilizochomwa na Lagavulin. Chokoleti nyeusi na Ardbeg. Pilipili kali hapana, zinagombana.

Kabla ya ya tano, ambazo hazipo mezani nizipitie haraka. Kuna Octomore ya kiwanda cha Bruichladdich, tamka Brukladi, hii ndo bingwa wa wanunua namba, matoleo yake yanaanzia kama 80 ppm na moja, la 8.3, kimea kilifika 309. Nimeionja ya familia hiyo mara mbili, na cha kushangaza ni laini, ni changa ya miaka mitano, ina matunda na shayiri tamu, mitambo yao mirefu inasafisha, nzuri sana ila kwa pua yangu haikuwa mara sita ya Laphroaig wala mara mbili. Kwa pesa hiyohiyo chukueni Port Charlotte ya hapohapo, 40 ppm, asilimia 50. Kilchoman ni kiwanda cha shambani cha 2005, wiski yao inayoitwa Machir Bay ni changa na safi sana, na kuna toleo lao ambalo shayiri, kimea, kuchemsha mpaka chupa vyote vimefanyika pale Islay, moshi wake mdogo kama 20 ppm, mwenye moyo wa ukulima ataipenda. Nje ya Islay kuna Ledaig ya kisiwa cha Mull, hii ina uchafu mtamu, kama zizi na moshi, siyo ya kila mtu mimi naitetea. Kuna Longrow ya mji wa Campbeltown. Kuna Highland Park ya visiwa vya Orkney ambako piti haina miti kabisa, ni vichaka vya maua, na moshi wake unanuka kama ubani na asali kuliko dawa, wenzetu wa Zanzibar waliozoea nguo zilizofukizwa udi huwa wanaielewa kwa pua tu hata bila kuinywa.

Na msifikiri ni Scotland peke yake. Masataka Taketsuru alitoka Japani akaenda Scotland 1918, akasoma, akafanya kazi viwandani, akarudi, na 1934 akajenga Yoichi kaskazini kabisa kule Hokkaido, moshi wake una nidhamu ya ajabu. India kuna Amrut ya Bangalore, na hii ituguse sisi, maana kule ni joto kama kwetu, pipa Scotland linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka hewani, Bangalore inafika hata 10 na zaidi, kwa hiyo wiski inakomaa miaka mitano inakuwa kama ya zamani sana. Amrut Fusion wamechanganya shayiri ya India na kimea cha moshi kutoka Scotland. Kila nikiinywa nawaza milima yetu yenye shayiri na hewa nzuri, kimea tunakijua, basi.

Kuna dada hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, na ni swali la haki, je siyo kuharibu mazingira kuchoma piti? Ndiyo, ina gharama, na msikubali mtu awaambie haina. Kinamasi cha piti kinashika kaboni ambayo ikiguswa inarudi angani. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba bonde la Kongo, upande wa Kinshasa na upande wa Brazzaville, lina piti kilomita za mraba 145,500 na imeshika kama tani bilioni 30 za kaboni. Hiyo isiguswe kabisa, kwa wiski wala kwa kitu kingine. Kwa Scotland naona viwanda vinavojaribu kuchoma kidogo na kukamata moshi vizuri viko njia sahihi, na ndo sababu nyingine sipendi mbio za ppm, kila namba ikipanda kuna kinamasi kimelipa. Toti moja iliyopikwa vizuri kwa 35 inanitosha.

Haya, ya tano. Laphroaig miaka 10, tamka Lafroig. Nimeiweka mwisho kwa makusudi ingawa ppm yake ni kama 40 hadi 45, chini ya Ardbeg, na mtaona kwa nini. Wao bado wanageuza sehemu ya kimea chao kwa mikono sakafuni na piti wanakata kwenye kinamasi chao wenyewe cha Glenmachrie, chenye moss nyingi. Inasimuliwa kwamba Marekani walipopiga marufuku pombe kati ya 1920 na 1933 hii iliruhusiwa kuingia kama dawa, ofisa ananusa anasema hakuna mtu anaweza kunywa hii kwa starehe. Mkinusa mtaelewa masimulizi hayo yametoka wapi.

Na aliyeilinda ni mwanamke. Bessie Williamson, binti wa Glasgow, msomi wa chuo kikuu, alikuja 1934 kwa kazi ya miezi michache ya kiangazi, kupiga taipu. Mwenye kiwanda Ian Hunter hakuwa na mtoto, na alikuwa msiri kiasi kwamba hakutaka watu waone kiwanda chake kinavofanya kazi. Miaka michache baadae akapata kiharusi, kazi ikaanza kuhamia kwa yule binti wa taipu kidogo kidogo, akakipitisha kwenye vita nzima, na Hunter alipofariki 1954 akamwachia kiwanda. Hakumwachia ndugu wala bwana mkubwa yeyote. Aliongoza mpaka 1972, kipindi ambacho kwenye biashara hiyo mwanamke kuongoza kiwanda ilikuwa nadra sana. Na alikuwa akiwaambia Wamarekani kwamba soko linaelekea kwenye wiski ya kiwanda kimoja, isiyochanganywa, wakati karibu wote walikuwa wanawaza mchanganyiko tu. Mimi kila nikifungua hii chupa namtaja jina lake kwanza.

Funueni. Msiweke maji bado. Kwanza glasi mbali na pua, usawa wa kidevu, mdomo wazi kidogo, vuteni polepole. Mtasikia mwani uliokauka ufukweni, bandeji, dawa ya kidonda, moshi. Subirini hapo hapo. Nyuma ya dawa kuna utamu, kama vanila, unakuja taratibu. Aliyeusikia anyooshe mkono, asiyeusikia asinywe kwanza, arudie, tuna usiku mzima.